Kwa nini mtumwa Marekani alihesabiwa kama sehemu tatu kati ya tano za mtu?

Wengi wakisikia habari hii hudhani wabaguzi ndio waliomkata mtumwa vipande, na watetezi wake wakataka awe mtu kamili. Kumbe waliotaka ahesabiwe mtu mzima ni mabwana waliommiliki, na waliosema asihesabiwe kabisa walitoka Kaskazini, ambako watumwa walikuwa wachache.

Ugomvi ulihusu viti vya bungeni. Mwaka 1787, miaka 11 baada ya kutangaza uhuru, wajumbe walikutana Philadelphia kuandika Katiba. Walikubaliana kwamba viti vya Baraza la Wawakilishi vigawanywe kwa idadi ya watu. Hapo ndipo Elbridge Gerry wa Massachusetts alipohoji: kama watu weusi ni mali huko Kusini, mbona wahesabiwe, na ng'ombe na farasi wa Kaskazini wasihesabiwe? Swali la kikatili, lakini lilimweka mwenye mashamba pabaya. Sokoni alimwita mtumwa mali. Kwenye kugawana viti, ghafla akawa raia mwenzake.

Suluhu ikawa sehemu tatu kati ya tano, kiwango kilichokuwa kimependekezwa mwaka 1783 kwa ajili ya kugawana kodi. Katiba haikutaja neno "watumwa" popote. Iliandika tu "watu wengine wote".

Tuchukue Virginia, jimbo la Kusini, tuone faida yake. Sensa ya 1790 ilikuta huko watu 747,610, na kati yao 292,627 walikuwa watumwa. Kiti kimoja kilitolewa kwa kila watu 33,000. Kwa watu huru peke yao, Virginia ingepata viti 13. Ilipata 19. Viti sita vya ziada, kwa migongo ya watu wasioruhusiwa kupiga kura hata moja!

Na kwa kuwa rais huchaguliwa kwa kura za wajumbe maalumu wa kila jimbo, ambao idadi yao hufuata idadi ya viti, faida ilifika hadi Ikulu. Mwaka 1800 Thomas Jefferson alimshinda John Adams kwa kura 73 dhidi ya 65, na wanahistoria wengi huona kwamba bila hesabu ya watumwa Adams angebaki madarakani. Katika miaka 36 ya kwanza ya urais, miaka 32 ilishikwa na watu wa Virginia.

Kilichofuata baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Kusini iliyojitenga ikipigana na Kaskazini, ni kioja. Mwaka 1865 utumwa ukafutwa, na kila aliyeachwa huru akawa mtu mmoja kamili kwenye hesabu. Maana yake, Kusini iliyoshindwa vitani ingerudi bungeni na viti vingi kuliko ilivyoondoka navyo. Na kweli, mapema 1866 Georgia ilimchagua Alexander Stephens, aliyekuwa makamu wa rais wa waasi, awe seneta! Bunge likakataa kumpokea.

Ndipo yakaja Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1868. Yalisema watu wote wahesabiwe, lakini jimbo litakalowanyima kura wanaume waliofikisha miaka 21 lipunguziwe viti. Majimbo ya Kusini yaliwanyima watu weusi kura kwa miongo mingi, kwa kodi ya kupigia kura na mitihani ya kusoma, huku yakiendelea kuwahesabu wote. Adhabu ya kupunguziwa viti haijawahi kutekelezwa hata mara moja.