Bandama Isiyonywea: Tusome Pamoja Karatasi ya FBP (Kipimo cha Picha Kamili ya Damu)

Huku Kigoma, mtu akishika ubavu wa kushoto na kusema "nina bandama", hakuna anayeshtuka. Malaria ya mara kwa mara huikuza, na kichocho cha tumbo, ambacho wavuvi na watoto wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wanakijua vizuri, huikuza pia. Basi mgonjwa hupewa dawa ya malaria, kisha ya kichocho, na asipopata nafuu hupelekwa kuchanjwa chale. Baadhi yao wanapofika kwetu maabara, chale zimeshapona na bandama imekaribia kitovu.

Wengi wa watu hao wana magonjwa hayohayo tuliyoyazoea. Ila wachache wana saratani ya damu iitwayo lukemia sugu ya mieloidi. Ni ugonjwa adimu: katika nchi zinazoweka takwimu vizuri, humpata mtu mmoja au wawili kati ya 100,000 kwa mwaka. Uadimu huo ndio unaouficha, kwa kuwa hakuna anayeuwazia mahali penye malaria nyingi.

Chembe nyeupe hutengenezwa kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mifupa. Mtu mzima kwa kawaida huwa nazo kati ya 4,000 na 11,000 katika mikrolita moja ya damu. Kwenye karatasi ya FBP mashine huandika kwa maelfu, 4.0 hadi 11.0, mbele ya herufi WBC, yaani chembe nyeupe. Katika lukemia hii zinaweza kuvuka 100,000, na tukitazama kwa darubini tunakuta chembe changa ambazo zingepaswa kuwa bado zimo ubohoni. Damu iliyojaa hivyo huielemea bandama. Mgonjwa anashiba kwa matonge matatu, anatoka jasho usiku, anakonda.

Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1960 watafiti wa Philadelphia, Marekani, waliona kromosomu (nyuzi za ndani ya chembe zinazobeba jeni, yaani maagizo ya urithi) moja fupi isivyo kawaida kwa wagonjwa hawa. Mwaka 1973 Janet Rowley alionyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Pale zilipoungana hutokea jeni mpya inayoziamuru chembe kuzaliana bila kukoma. Kosa hilo hutokea ndani ya chembe moja ya ubohoni. Halirithiwi, haliambukizwi, wala halitumwi na jirani. Tangu 2001 kuna vidonge vya imatinibu vinavyoizima amri hiyo, na wagonjwa wengi wanaovimeza kila siku bila kuruka wanaishi miaka mingi wakifanya kazi zao. Hata jeni yenyewe inaweza kupimwa kwa mashine ya GeneXpert, ileile ya kifua kikuu, ikiwekewa katriji yake.

Sasa tahadhari, maana najua kuna atakayekwenda kuchungulia karatasi yake. Namba peke yake si ugonjwa. Waafrika wengi hawana alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, ambayo ndiyo mlango wa malaria ya aina ya vivax, na kuikosa huendana na kuwa na neutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, chache kwenye damu. Kijana mzima kabisa anaweza kusoma 3,200 na asiwe na tatizo lolote. Kwa upande mwingine, deksamethazoni na predinisoloni, zile ambazo wengine humeza ili wanenepe (tabia inayonisikitisha sana), hupandisha chembe nyeupe bila maambukizi yoyote. Tena zinaweza kuifanya mitoki ya limfoma, saratani ya tezi, inywee kwa muda, familia ikashukuru, kisha mitoki ikarudi kwa kasi huku vipimo vimevurugika. Mweleze daktari kila ulichomeza, na cha dukani pia.

Kwa watoto kuna jambo lisilongoja hata wiki. Taya likivimba na meno yakalegea bila jipu, huenda ni limfoma ya Burkitt, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, na ambayo huandamana na malaria na kirusi cha Epstein-Barr. Uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kung'oa meno hakusaidii. Tiba ni dawa za saratani, na watoto wengi hupona wakiwahi. Kutoka huku, rufaa zaidi ni hospitali ya Bugando, Mwanza.

Kwa mtu mzima ambaye bandama haijanywea baada ya kumaliza dozi, ombeni FBP, na ombeni pia damu iangaliwe kwa darubini, kwa sababu mashine huhesabu tu. Kisha tunzeni majibu yote, hata ya miezi iliyopita: namba ya WBC iliyopanda kutoka 18 hadi 60 hadi 140 inatuambia mengi kuliko ya leo pekee. Ile karatasi laini inayofanana na risiti hufifia upesi, kwa hiyo ipigeni picha kwa simu siku hiyohiyo mnayopewa.