Kombe la Chalenji linachezwaje, na kwa nini bingwa haendi popote

Kila likitajwa Kombe la Chalenji, lile la timu za taifa za Afrika Mashariki na Kati, hapa Arusha lazima atokee mtu aulize, sasa bingwa anaenda wapi? Haendi popote. Anabeba kombe, anavishwa medali, anarudi kwao basi. Sio kama mechi za kufuzu AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ambazo ukifanya vizuri unapata tiketi. Na hicho ndo kitu cha kwanza cha kukishika, maana ukishakishika mambo mengine ya hili kombe yanayoonekana ya ajabu ajabu yanaanza kueleweka, kwa nini Zanzibar ipo, kwa nini straika wetu Samatta hayupo, kwa nini kuna miaka halichezwi na wala hakuna anayeulizwa.

Wenye kombe ni CECAFA, yaani baraza la vyama vya mpira vya Afrika Mashariki na Kati. Wanachama wako 12: Tanzania, Zanzibar, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Ethiopia, Eritrea, Djibouti, Somalia, Sudan na Sudan Kusini. Ndio, Tanzania na Zanzibar nimezihesabu mbili, tulia nakuja huko. Kongo ya Kinshasa haimo. Hapo watu wa huku tunachanganyikiwa sana kwa sababu makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tunayapita kila siku na bendera ya Kongo ipo pale inapepea, ila mpira una mipaka yake, Kongo kimpira wako kanda ya Afrika ya kati, wakija Chalenji wanakuja kama wageni waalikwa.

Wageni nao ni jambo la kawaida kabisa huku. Libya walikuja 2017. Ivory Coast walikuja Dar 2010 na wakafika hadi fainali, wakapigwa 1-0 na Kilimanjaro Stars, timu ya Tanzania Bara, kwa penalti ya Nsajigwa. Ukijiuliza Ivory Coast na Afrika Mashariki wapi na wapi, jibu ni lile lile, kombe halimpeleki mtu popote, kwa hiyo mwandaaji akitaka kunogesha au kujaza nafasi anaalika. Kali kuliko zote ni ya 1999, Rwanda wakiwa wenyeji waliingiza timu mbili, timu A na timu B, na timu B ndo ikachukua ubingwa. Hebu fikiria hiyo ifanyike AFCON.

Historia nitaipitisha haraka. Lilianza 1926 kama Kombe la Gossage, jina la watu wa sabuni wa Uingereza, na miaka ya mwanzo lilikuwa la Kenya na Uganda tu. Tanganyika ikaingia 1945, Zanzibar 1949. Kwa sura hii ya CECAFA linahesabiwa kuanzia 1973, na tangu hapo Uganda kabeba mara 15, Kenya mara 7, Bara mara 3 tu: 1974, 1994 na hiyo 2010. Waganda wana haki ya kuturingia.

Sasa uchezaji wake. Nchi moja inakuwa mwenyeji, timu zote zinakusanyika hapo wiki mbili hivi, hakuna nyumbani na ugenini. Mnagawanywa makundi, ushindi pointi tatu, sare moja, kufungwa sifuri. Idadi ya makundi inategemea wamejitokeza wangapi. Zikiwa timu 12 kama 2012 na 2013 yanakuwa makundi matatu ya timu nne nne, wanapita wawili wa juu kila kundi halafu wanaongezwa washindi wa tatu wawili wenye rekodi nzuri, wale tunaowaita besti luza, jumla nane, mnaenda robo fainali. Zikiwa chache yanakuwa makundi mawili na wawili wa juu wanaruka moja kwa moja nusu fainali. Na usishangae kundi moja kuwa na timu tano lingine nne, 2017 ilikuwa hivyo kwa sababu Zimbabwe walialikwa halafu wakajitoa.

Nibaki hapo hapo 2017, kule Kenya, maana ndo mfano mzuri kuliko yote. Kundi A walikuwa Kenya, Zanzibar, Bara, Rwanda na Libya. Zanzibar Heroes, yaani timu ya Zanzibar, wakampiga Rwanda 3-1, wakampiga Bara 2-1 (siku hiyo ukiwa kwenye banda la mpira Ngarenaro ulikuwa hujui ucheke au ulie), wakatoka 0-0 na Kenya, wakafungwa 1-0 na Libya. Piga hesabu: tatu, tatu, moja, sifuri, pointi saba, nafasi ya pili nyuma ya Kenya. Kili Stars mkiani na pointi moja. Nusu fainali Zanzibar wakamtoa Uganda 2-1, fainali Machakos wakakutana tena na Kenya, 2-2 mpaka dakika 120, wakaenda matuta na kipa wa Kenya Patrick Matasi akawa ukuta, Kenya bingwa.

Ndo linakuja lile swali, Zanzibar anachezaje na Bara wakati sote ni Tanzania? Iko hivi. FIFA wanaitambua Tanzania moja, chama kimoja, TFF. AFCON na Kombe la Dunia wanafuata hivyo hivyo, kwa hiyo huko inaenda Taifa Stars na Mzanzibari anaitwa kama mchezaji mwingine yeyote. CECAFA wao Zanzibar ni mwanachama kamili toka zamani, kwa hiyo kwenye Chalenji Taifa Stars haipo kabisa, inagawanyika, huku Kilimanjaro Stars kule Zanzibar Heroes. Feisal Salum wa Taifa Stars ndo huyo huyo aliyekuwa na Heroes 2017. Klabu za Zanzibar nazo zinacheza Ligi ya Mabingwa Afrika kwa nafasi yao wenyewe, ila timu ya taifa haigusi AFCON. Machi 2017 CAF, shirikisho la mpira la Afrika, waliwapa uanachama kamili, watu wakashangilia, Julai wakawanyang'anya wakisema ilikuwa kinyume na katiba. Miezi mitano baadaye vijana wako fainali Machakos, na kocha wao Hemed Suleiman, anayeitwa kwa utani Morocco, baadaye akaja kuikamata Taifa Stars yenyewe.

Suala la Samatta ni jepesi. Chalenji huwa inawekwa Novemba au Desemba nje ya kalenda ya FIFA, na nje ya kalenda hiyo klabu hailazimishwi kumwachia mchezaji. Hakuna kocha Ulaya atakayekubali straika wake aondoke wiki mbili kwa kombe lisilo na tiketi, hata Simba na Yanga wananuna. Kwa hiyo wanaitwa wa ligi ya ndani na madogo wanaotafuta jina. Mimi naona hapo ndo utamu ulipo, ila najua wengi hawakubali.

Na miaka inayorukwa ni hivyo hivyo. 2014 hakuna, 2016 hakuna, 2018 hakuna. Mwenyeji akijitoa na mwingine asipopatikana inakufa kimya kimya. 2019 Uganda wakaandaa na kuchukua wenyewe, wakampiga Eritrea 3-0 fainali. 2021 ikachezwa Ethiopia kwa vijana chini ya miaka 23, Tanzania tukabeba kwa matuta mbele ya Burundi.

Usiichanganye na Kombe la Kagame, hiyo ni ya klabu. Usiichanganye na CHAN, ile ya Agosti 2025 tuliyoandaa na Kenya na Uganda, hiyo ni ya CAF bara zima japo nayo ni ya wachezaji wa ligi za ndani. Na uwanja mpya wa Olmoti hapa Arusha ni wa mambo ya AFCON 2027, hauhusiani na Chalenji, ingawa ukishakuwepo hakuna anayewakataza CECAFA kuuomba.

Ila kama una dogo yuko akademi huko Moshi au hapa mjini, angalia mashindano ya CECAFA ya chini ya miaka 17 na 20. Siku hizi hayo ndo yanatumika kufuzu AFCON za vijana. Yale yana tiketi.