Hakuna aliyekula RTT zako, fungua kalenda

Swali la RTT, zile siku za kupumzika unazopata juu ya likizo huku Ufaransa, lilirudi tena Januari 2025. Kaka mmoja tulianza naye kazi huku Lyon, yeye cadre, yaani mfanyakazi wa ngazi ya juu, mkataba wa siku 218 za kazi kwa mwaka, kanipigia saa mbili asubuhi hata koti sijavua: "Dada, 2022 nilikuwa na RTT 10, mwaka huu 2025 mmeniandikia 8, nani kala mbili zangu?" Mimi kazi yangu ni mishahara, hili swali nshalijibu kwenye simu, kwenye lifti, hadi harusini nimeshika sahani ya pilau, sasa naliandika mara moja niwe natuma linki.

Sheria haijawahi kukupa siku 10, wala 8. Ile sheria ya pili ya Aubry ya tarehe 19 Januari 2000, ya kupunguza muda wa kazi, imeweka kikomo cha siku za KAZI kwa mwaka, basi. Ilianza na siku 217, alafu 2004 ikawa 218 walipoongeza ile siku ya mshikamano, siku moja zaidi ya kazi ya kuchangia wazee, baada ya joto la 2003 kuua wazee wengi. Mapumziko yako ni kile kinachobaki ukishatoa vingine vyote.

Chukua peni. 2025 ina siku 365. Toa Jumamosi na Jumapili 104, zinabaki 261. Toa likizo 25, zinabaki 236. Toa sikukuu 10 zilizoangukia siku za kazi, zinabaki 226, na wewe unadaiwa 218. Ni 8. Sasa rudi 2022: wikendi zilikuwa siku 105, likizo 25 zilezile, lakini sikukuu za katikati ya wiki zilikuwa 7 tu, manake Januari mosi ilikuwa Jumamosi, Mei mosi Jumapili, Mei 8 Jumapili, na Krismasi nayo Jumapili. 365 toa 105 toa 25 toa 7 toa 218, unapata 10. Yani sikukuu ikiangukia wikendi inakurudia kama siku ya kupumzika, na ikiangukia Alhamisi ushaipumzika hiyohiyo Alhamisi, unataka ulipwe mara mbili? Miaka yote miwili siku ambazo hukutakiwa kazini ni 147. Mia na arobaini na saba! Hakuna aliyekula kitu.

Na hili jina RTT ndo linaloharibu kila kitu, mimi linanichosha kweli. RTT ni ya yule anayehesabiwa masaa, anayefanya 37 au 39 wakati sheria inasema 35, yale yanayozidi yanageuzwa siku, kwa hiyo yeye anaichuma RTT yake kwa kufanya kazi wiki baada ya wiki. Wewe wa mkataba wa siku masaa yako hayahesabiwi kabisa. Wiki ukifanya 32 au 50 siku zako ni zilezile, kinacholindwa ni masaa 11 ya kupumzika kati ya siku na siku na masaa 35 mfululizo kila wiki. Lakini kwa sababu wote wanaziita RTT, na slipu imeandikwa RTT, hata watu wa HR wanachanganya, na wanaoumia ni wagonjwa. Nimeona kwa macho yangu faili ya mtu aliyelazwa wiki tatu, kwenye kona ya chini wamekata siku ya kupumzika moja, alafu nyingine, eti hakuzichuma. Cour de cassation, mahakama ya juu ya Ufaransa, ilishasema 2011 kwamba kumkata mtu siku ya kupumzika kwa sababu aliumwa ni kumlipisha ugonjwa wake, na hairuhusiwi. Nilizirudisha zote mbili na sikuomba ruhusa ya mtu.

Mengine haraka haraka. Cadre dirigeant, yule bosi wa juu kabisa anayejipangia kila kitu, hayumo humu, hana siku hizi. Ukitaka kuuza siku zako inawezekana, ila kwa maandishi, kwa nyongeza isiyopungua asilimia 10, na kama makubaliano ya kampuni hayajasema idadi nyingine huvuki siku 235 za kazi kwa mwaka. Na wewe unayetangaza kwamba mkataba wako wa siku ni batili na utadai overtime ya miaka mitatu, sawa, dai, ila ujue tangu Januari 2021 mahakama hiyohiyo imesema mkataba ukifa thamani ya zile siku ulizopumzika mwajiri anaweza kuidai irudi. Piga hesabu kabla hujamlipa wakili.

Panaponitoa jasho ni mtu aliyeingia katikati ya mwaka. Ukimwanzisha tarehe 1 Septemba, unagawa 218 kwa miezi, au unahesabu siku halisi za kalenda zilizobaki, na zile likizo ambazo bado hajazipata unaziongeza kwenye siku za kazi au unaziacha? Nshakokotoa mtu mmoja kwa njia mbili nikapata majibu mawili, na yote mawili ningeweza kuyatetea mbele ya mkaguzi. Makubaliano ya kampuni yanatakiwa yaseme, mengi hayasemi vizuri, basi mimi nachukua lile linalompa mfanyakazi zaidi na naandika pembeni kwa nini.

Yule kaka nilimwambia afungue kalenda ya 2026. Agosti 15 ni Jumamosi, Novemba mosi Jumapili. Akahesabu mwenyewe huku nasikiliza, taratibu, akafika 9.