kVA kwenye jenereta: ni kipimo cha nini?

Jenereta ya dizeli iliyoandikwa 20 kVA haitoi kilowati 20. Ukikitazama vizuri kibati chake utakuta pia 16 kW, na pembeni cos φ 0.8. Namba zote tatu ni sahihi, ila hazizungumzii sehemu moja ya mashine.

Jenereta ni mashine mbili zilizofungwa kwenye shafti moja: injini na alteneta. Injini huchoma dizeli na kuzungusha, na uwezo wake wa kufanya kazi ndio kilowati. Alteneta hugeuza mzunguko huo kuwa umeme, na kinachoichosha ni ampea zinazopita kwenye koili zake za shaba, kwa sababu ndizo zinazoipasha moto. Volti mara ampea ni VA, na VA 1,000 ni kVA moja. Kwa hiyo kW ni mpaka wa injini, kVA ni mpaka wa alteneta, na hakuna ruhusa ya kuvuka hata mmoja.

Tofauti kati ya mipaka hiyo inaletwa na aina ya vifaa. Pasi, birika la umeme na hita hugeuza karibu kila ampea kuwa joto. Mota ya pampu au friji huvuta ampea za ziada ili kujenga usumaku ndani yake. Nguvu ya kujenga usumaku huo huenda na kurudi kati ya mota na alteneta bila kufanya kazi yoyote, lakini nyaya na koili zinaibeba vilevile. Ukigawanya kW kwa kVA unapata pawafakta, ile cos φ ya kwenye kibati: 16 kwa 20 ni 0.8.

Mtego mkubwa upo kwenye fezi, yaani laini za umeme zinazotoka kwenye alteneta. Jenereta ya 20 kVA ya fezi moja, kwa volti 230, inatoa takriban ampea 87. Ya fezi tatu, kwa volti 400, inatoa ampea 29 tu kwa kila fezi. Sasa weka kwenye fezi moja birika la wati 2,200, hita ya maji ya wati 3,000 na pasi ya wati 1,500. Hizo ni ampea 29: koili ya fezi hiyo imefika ukingoni na mbili nyingine hazina kazi. Mwenye nyumba ataona jenereta "kubwa" inakata swichi na kudhani ni mbovu, kumbe ni mgawanyo wa mzigo.

Mota ina lake la pekee. Inapowaka moja kwa moja huvuta ampea mara 5 hadi 7 ya zile za kawaida kwa muda mfupi. Pampu ya fezi moja inayotembea kwa ampea 10 inaweza kudai 50 au 60 wakati wa kuanza. Kwenye jenereta ya 10 kVA, yenye ampea 43, taa zitafifia na pampu inaweza kushindwa kuzunguka. Washa mota kubwa kwanza, iache itulie, kisha ongeza vingine.

Ukitaka kujua ni mpaka upi umeguswa, soma hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde) kabla ya volti. Alteneta ya poli nne (ncha nne za sumaku) lazima izunguke mara 1,500 kwa dakika ili itoe hezi 50. Mzigo ukiongezeka, gavana, kidhibiti mwendo cha injini, huongeza dizeli ili mwendo usishuke, na AVR, kidhibiti volti cha alteneta, hurekebisha volti. Hezi zikishuka na kubaki chini, injini imeelemewa au inanyimwa: kilowati zimezidi, filta ya dizeli imeziba, au filta ya hewa imejaa vumbi. Hezi zikibaki 50 huku volti zikishuka, rudi upande wa alteneta: ampea zimezidi, au AVR ina hitilafu. Usikimbilie kubadilisha AVR kabla ya kipimo hiki, maana AVR nyingi hushusha volti zenyewe mwendo wa injini unapopungua.

Kununua jenereta kubwa kupita kiasi si dawa. Injini ya dizeli inayofanya kazi muda mrefu chini ya asilimia 30 ya mzigo wake haipati joto la kutosha, na ringi za pistoni hazikazwi vizuri na presha. Dizeli isiyoungua huchanganyika na masizi na kutoka kwenye ekzosi kama mafuta meusi mazito. Jenereta za dharura huharibika hivi zaidi, kwa kujaribiwa kila mwezi bila mzigo wowote. Jaribio lenye faida ni la angalau nusu saa, likiwa na mzigo wa asilimia 30 au zaidi. Kwa kazi ya kila siku, chagua ukubwa utakaoiweka injini kati ya asilimia 50 na 80 ya kilowati zake, kisha hakikisha kVA inamudu mota kubwa zaidi inapoanza huku vifaa vingine vikiwa vimewashwa.