Sefti haizuii pini: dhana potofu kuhusu bastola ndogo za zamani na za kisasa

"Ya zamani ina sefti, hii mpya haina, kwa hiyo ya zamani ndiyo salama mfukoni." Karibu kila anayelinganisha bastola za mfukoni huanzia hapo, kwenye sefti, yaani kitufe cha kuizuia isifyatuke, na hapohapo ndipo anapopotea.

Chukua Colt Vest Pocket ya 1908, kazi ya John Browning, ya risasi ndogo za aina ya .25 ACP. Haina nyundo. Ina pini, ncha ya chuma inayogonga kitako cha risasi ili ilipuke, inayosukumwa na springi, na ukishaikoki (kuitegesha kwa kuvuta nyuma slaidi, kile kipande cha juu cha bastola) springi hiyo hukaa imebanwa yote huku pini ikizuiwa na kidoano kimoja kidogo cha chuma. Sefti ya pembeni hukibana kidoano kisiachie, basi. Kati ya pini na kitako cha risasi hakuna kitu. Kidoano kikiwa kimelika kwa umri, kisha bastola ianguke sakafuni, kinaweza kuteleza na pini ikaenda mbele ilhali sefti imefungwa vilevile. Sefti ya mpini, ile inayobonyea ukishika, nayo haiigusi pini.

Sasa itazame SIG P365 ya 2018. Wengi huinunua bila sefti ya kidole, ile ya pembeni, na hilo ndilo linalowatia hofu. Lakini ndani ya slaidi mna kizuizi kinachoifungia pini njia, na hakiondoki mpaka triga (kifyatulio) ivutwe. Ikianguka, pini haina pa kupita.

Wala sisemi kila kipya ni salama. Ruger LCP, bastola nyingine ndogo, ilitoka 2008, na mwaka huohuo kampuni ikaziita za mwanzo zirudi kiwandani kwa sababu zingeweza kufyatuka zikianguka zikiwa na risasi kwenye chemba, yaani nyuma ya mtutu, tayari kufyatuliwa. Kwa hiyo mwaka wa kutengenezwa si hoja, na kitufe cha pembeni si hoja. Uliza: triga isipovutwa, ni nini kinachoizuia pini? Muuzaji asiyejua jibu, mwache na bidhaa yake.

Kama jibu ni "hakuna kitu", bastola hiyo ibebwe chemba ikiwa tupu, risasi zibaki kwenye magazini, kasha la risasi linaloingia kwenye mpini. Isiyo na sefti ya kidole lakini yenye kizuizi inabebwa na risasi kwenye chemba, kwa sharti moja lisilo na mjadala: ala, yaani kifuko cha bastola, inayofunika triga yote, ngumu kiasi kwamba ukibonyeza kwa nje triga haisogei. Mfuko wa nguo wenye bastola usiingie kitu kingine, si funguo, si sarafu. Na bastola ikikuponyoka, iache ianguke! Anayeidaka hewani hushika chochote kilicho karibu na vidole vyake, na mara nyingi kilicho karibu ni triga.

Dhana ya pili: chuma kizito hakina teke, yaani pigo la kurudi nyuma bastola inapofyatuliwa. Uzito hupunguza teke, kweli, ila mfumo nao una lake. Walther PPK ya 1931 ina mtutu uliokaa palepale, na kinachoibana chemba wakati wa mlipuko ni uzito wa slaidi na springi yake tu. Slaidi hurudi kwa kasi na kugonga fremu (mwili wa bastola), na kwa risasi za .380 mkono unalihisi pigo hilo kwa ukali. Springi hiyo nzito pia ndiyo inayowashinda wengi wenye vidole dhaifu wanapovuta slaidi. Katika P365 mtutu na slaidi hurudi vimeshikana kwa muda mfupi kabla ya kuachana, hivyo springi inaweza kuwa laini zaidi ingawa risasi ni ya 9 mm. LCP nayo hufungana hivyohivyo, lakini kwa gramu 270 hivi bila risasi, itakupiga tu.

"Fremu ya plastiki itavunjika." Mara nyingi fremu ndiyo ya mwisho kuchoka. Kinachochoka ni springi, na bastola ya miaka 70 yenye springi zake za kiwandani ni chuma kizuri chenye moyo mgonjwa. Badilisha ya slaidi, ya pini na za magazini kabla ya kuiamini.

"Hammerless maana yake haina nyundo." Colt Pocket Hammerless ya 1903 inayo. Imefichwa ndani ya slaidi, na huwezi kuona kama imekokiwa.

"Risasi yoyote ya .32 ni sawa." Si sawa. Bastola za zamani za .32 zilitengenezewa risasi za kichwa cha mviringo. Zenye kichwa chenye tundu huwa fupi, zinacheza ndani ya magazini, na kwa kuwa ganda la .32 ACP lina ukingo uliojitokeza kidogo, ukingo wa risasi ya juu unaweza kunasa nyuma ya ule wa chini yake. Hapo kupiga slaidi hakusaidii. Chomoa magazini, toa risasi zote, uzipange upya.