Je, wajua kwa nini mbegu hutunzwa juu ya moshi?

Ingia jiko la nje kule Newala au Ruangwa, kusini mwa Tanzania, mwezi wa nane, kisha inua macho. Juu ya mafiga, kwenye uchaga uliokwisha kuwa mweusi kwa masizi, utakuta mahindi yaliyofungwa pamoja kwa maganda yake, bamia zilizokauka na pengine kibuyu kilichozibwa kwa gunzi. Usidhani ni chakula. Hiyo ni mbegu ya msimu ujao, na mwenye jiko akikuona unaigusa utafokewa.

Kwa nini ikae kwenye moshi, wakati chumbani kuna sanduku zuri?

Mbegu ni kitu hai. Inapumua polepole huku ikila akiba yake, na inapokuwa na unyevu huila upesi zaidi. Wataalamu wa mbegu hukadiria hivi: unyevu wake ukipungua kwa asilimia 1, umri wake huongezeka karibu mara mbili. Sasa huku kusini msimu wa mvua ni mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Bamia iliyokomaa Juni itangoja miezi kama sita. Na pwani, Mikindani au Kilwa, hewa yenyewe ina maji, hata chumvi ya mezani inalowa. Mbegu nayo huvuta maji hayo hayo. Moto wa jikoni huyatoa kila ugali unaposongwa, na moshi huwakera fukusi. Ila uchaga uwe juu: joto likizidi nyuzi 40 hivi, hasa mbegu ikiwa bado mbichi, kiini hufa.

Kunde zina adui wake. Fukusi hutaga mayai juu ya punje, wakati mwingine tangu shambani, na funza hutoboa akaingia ndani. Ndiyo maana bibi huzichanganya na majivu. Majivu huziba nafasi kati ya punje, fukusi akitoka hana pa kupita kumtafuta mwenzake, tena humkwangua ngozi akakauka. Yawe mengi lakini. Kijiko kimoja ni mapambo.

Nyanya ilinishinda mwaka mmoja. Nilikamua mbegu, nikazianika nusu siku, nikazifunga kwenye mfuko wa nailoni. Baada ya mwezi nikakuta ukungu mtupu. Siku hizi naziacha kikombeni na maji yake siku 2 au 3 zichachuke, maana ule ute unaozizunguka ndio unaozizuia zisiote ndani ya tunda. Harufu yake usiulize. Nikishazisuuza naanika kivulini kwenye sahani. Kwenye karatasi hugandamana. Nachagua nyanya ya kienyeji pia, kwa sababu mbegu ya chotara huzaa watoto wasiofanana na mama yao.

Utajuaje kuwa imekauka? Chukua mbegu ya boga, ikunje kwa vidole. Ikipinda, irudishe uchagani. Ikikatika kwa mlio, itie kwenye chupa ufunge.