Biti imegoma kutoka kwenye drili: nini hasa kimegoma?

Drili nyingi zenye biti iliyogoma hufika kwenye benchi langu hapa Mwanjelwa, Mbeya, zikiwa zimeshapigwa. Ganda la chaki (kile kichwa cha mbele chenye meno matatu yanayobana biti) limetafunwa na spana ya bomba, ufunguo wa kuifungulia umelika meno, biti imekatika katikati. Mwenye mali anasema, "Fundi, imeng'ang'ania tu." Ukimuuliza ni nini hasa kilichong'ang'ania, anabaki kukutazama. Kumbe hapa kuna magonjwa mawili, na dawa ya moja haitibu lingine: kuna chaki iliyokataa kufunguka, na kuna chaki iliyofunguka vizuri lakini biti haitoki.

Kwanza chomoa plagi ukutani. Kama ni ya betri, toa betri uiweke mbali, siyo kuizima tu. Kisha elekeza biti usoni kwako na ujaribu kuzungusha ganda la chaki kwenda kushoto. Lisipocheza kabisa, una ugonjwa wa kwanza. Likizunguka na ukaona meno yameachia, una wa pili.

Ugonjwa wa kwanza huletwa sana na zege. Unatoboa lenta, biti inagonga nondo, inasimama ghafla huku mota bado inasukuma. Chaki zisizo na ufunguo hujikaza zenyewe namna hiyo, na mtikisiko wa nyundo unaongezea. Baada ya hapo mkono mtupu hauwezi kitu.

Kwa chaki ya ufunguo, muundo ambao Mmarekani Arthur Jacobs aliupatia hataza mwaka 1902 na ambao haujabadilika sana tangu hapo, angalia matundu ya pembeni. Yako matatu, na watu wengi hutumia moja tu maisha yote ya drili. Ingiza ufunguo katika kila tundu kwa zamu. Ukigoma, gonga mkono wa ufunguo kwa nyundo ya mpira au kipande cha mti. Pigo fupi la ghafla huachisha nyuzi zilizokaza kuliko kuning'inia kwenye ufunguo mpaka ukatike. Kwa chaki isiyo na ufunguo, weka gia namba 1, zungushia ganda kipande cha tyubu ya baiskeli, ndipo ushike kwa spana ya bomba. Kama ina maganda mawili, la nyuma lishikwe na spana ya pili. Vijana wengine hushika chaki kwa mkono wenye glavu halafu wanabonyeza rivasi. Glavu hiyo ndiyo inayovuta vidole. Usifanye hivyo.

Ugonjwa wa pili ndio unaonipa kazi zaidi, kwa sababu mtu anaona chaki iko wazi na bado anavuta bila mafanikio. Mara nyingi chanzo ni kwamba biti haikukazwa vya kutosha siku ya kazi, ikawa inateleza. Meno ya chaki yakachimba mkia wake (ile sehemu inayoingia kwenye chaki) na kuinua vinundu vya chuma. Sasa kinundu kimekaa nyuma ya jino, na kadiri unavyovuta ndivyo kinavyojikita. Dawa ni kuzungusha, siyo kuvuta. Fungua chaki mpaka mwisho, shika biti kwa plaizi ya kubana, izungushe kidogo kidogo mpaka kinundu kiangukie kwenye nafasi iliyo kati ya meno mawili. Hapo hutoka kwa urahisi wa kushangaza. Usiirudishe kazini kabla ya kuupiga mkia tupa ukawa laini.

Zinazotoka Tukuyu zina hadithi yao. Mvua ya kule haina mzaha, na drili iliyolala stoo masika nzima na biti yake mdomoni huota kutu ndani ya chaki. Hiyo isimamishe mdomo ukiangalia juu, dondoshea matone machache ya dawa ya kulegeza kutu, au dizeli kama huna, uiache hadi kesho. Matone machache tu, maana mafuta mengi hushuka hadi kwenye beringi na mota. Mafuta ya kupikia usiguse, yakikauka hugeuka gundi. Wenzetu wa Mafinga wanaofanya kazi za mbao za paini husumbuliwa na utomvu, na huo huyeyushwa na mafuta ya taa. Kesho yake zungusha biti kushoto na kulia, au ibane kwenye jiliwa (kibanio cha mezani) uchezeshe drili yenyewe.

Kugonga biti kwa ubavu sikushauri kabisa. Chuma cha biti ni kigumu lakini kinavunjika kama kioo, na kipande hakichagui jicho. Hata isipovunjika, shafti ikipinda kidogo drili itayumba mpaka siku unaiuza.

Drili kubwa za SDS, mfumo ulioletwa na Bosch mwaka 1975, zina mambo mengine. Hazina meno ya kubana. Mkia wa milimita 10 una mifereji inayoshikwa na gololi. Biti ya chuma laini, au isiyopakwa grisi, hupigwa na nyundo ya ndani hadi kitako chake kinavimba na hakipiti tena. Vuta ganda nyuma, bana biti kwenye jiliwa, vuta drili huku ukiitikisa. Ikikataa, ni kufungua mpira wa mbele, pete na springi. Fanya hivyo juu ya kitambaa, kwa sababu gololi ikiruka hutaiona tena.

Chaki ya kawaida ikishindikana kabisa, kuna kikwazo: skurubu inayoishikilia iko chini ya mdomo, na biti imeiziba. Hapo mimi hukata ganda kwa grenda. Chini yake kuna pete iliyogawanyika vipande viwili. Ikitoka, meno yanalegea na biti inaachia. Chaki imekufa, lakini drili imepona. Ile skurubu ya chini ya mdomo ina uzi wa kinyume, kwa hiyo hufunguliwa kwa kuzungusha kulia. Chaki yenyewe hufunguka kushoto.

Ukienda kununua nyingine beba mwili wa ile ya zamani, kwa sababu nyuzi za 1/2-20 na za 3/8-24 (unene kwa inchi, kisha idadi ya nyuzi kwa kila inchi) haziingiliani. Na ukifunga mpya, skurubu ile irudishe. Bila hiyo, siku utakayotumia rivasi chaki itajifungua yenyewe ikiwa inazunguka.